Kilichobaki Ukutani mwa Aurvik

Asubuhi ile Mize Vuai alijifunga kitambaa machoni, akavua viatu, akaanza kutembea ndani ya meli ambayo haikuwepo. Meli yenyewe ilikuwa imelala chini ya Bahari ya Barents, mwendo wa saa mbili kutoka pwani. Kilichokuwa chini ya nyayo zake ni sakafu ya ghala la nyavu la Vardø, iliyobandikwa utepe mnene kila penye ukuta, mlango na ngazi. Huko kaskazini ya Norwei ghala halina joto hata mwezi wa Aprili, na vidole vya miguu vilikwishaanza kufa ganzi. Viatu hakuvaa hata hivyo. Miguu ndiyo iliyokuwa inasoma.

"Hatua saba, kushoto," alijisemea. "Kizingiti. Hatua mbili. Mlango wa jiko, niupite bila kuugusa."

"Umeugusa," alisema Torgeir.

Huyu Torgeir ndiye nahodha wa mashua iliyokuwa ikimpeleka kazini, mzee wa mgongo mpana na maneno machache, na kila Mize alipokosea yeye aligonga kikombe chake kwa kijiko. Sasa alikigonga.

"Mara ya nne," alisema. "Meli nyingine ulizijua kwa siku moja. Hii leo ni siku ya tatu, na bado unajigonga palepale jikoni."

Mize alifungua kitambaa, akakaa sakafuni, akaanza kusugua miguu. Sababu wote wawili waliijua. Jikoni mle ndimo alimokuwa akipika mdogo wake.

Nieleze kidogo, kwa sababu mtu asiyeijua kazi hii akiiona hudhani mama wa watu amerukwa na akili. Meli za siku hizi zote hupakwa ndani rangi kinasa. Walioitengeneza hawakuwa na makuu, walitaka kupunguza taa tu: rangi inywe mwanga mchana na iutoe usiku, njia za melini zing'ae zenyewe. Hakuna aliyetaraji kwamba rangi hiyo ikizama kwenye maji ya baridi kali, chini ya nyuzi nne, hujifunga na mwanga wa mwisho ulioigusa, dakika mbili tatu kabla taa hazijazimika. Kila chembe yake hukumbuka mwanga ulitoka upande gani, na ilikuwa saa ngapi. Kwenye bahari zetu za joto haya yote hufutika ndani ya juma. Kule kaskazini hudumu miaka minane, pengine tisa.

Tatizo ni moja, nalo ni kubwa. Ukuta husema mara moja tu. Ukiumulika, hata kwa tochi ya kuchezea, humwaga papo hapo kila ulichokishika, na baada ya hapo ni bati kama bati lolote. Kwa hiyo mpiga picha wa meli zilizozama huzamia bila taa. Huingia kizani, akiipapasa meli aliyoihifadhi kwa miguu, mpaka aufikie ukuta anaoutaka, aukumbatie kwa kamera iliyozibwa mpira pande zote, abonye. Picha moja kwa ukuta mmoja. Hakuna kurudia.

Mize alikuwa ameshawapigia picha watu wa nyumba kumi na tisa. Wengi ni mabaharia wa pwani yetu, waliokwenda kupika, kufunga kamba na kulinda injini kwenye meli za wenyewe, wakazama huko na maiti zao zisionekane. Kadhi wa Chake Chake alikuwa akiupokea ushahidi wake kwa kiapo, na alikuwa akiupokea kwa sababu moja: Mize haruhusu mashine ijaze. Mashine za kusafisha picha, ukiziachia, huona kivuli zikachora mtu, huona shavu zikamalizia uso. Wateja wa nchi nyingine hupenda hivyo. Mize alikuwa akiandika alichokisema ukuta, na ambacho haukusema alikuwa akiandika kwamba haukusema.

Sasa ilikuwa zamu ya nyumba yake.

Meli hiyo, Aurvik, ilizama miaka saba nyuma, na ikaonekana chini ya maji vuli iliyopita tu, kwa bahati ya watu waliokuwa wanatafuta samaki. Mabaharia walikuwa tisa. Saba waliokotwa wakielea ndani ya mavazi yao ya kujiokolea, wamekwisha. Wawili hawakuonekana: Ussi Vuai, mpishi, mtu wa Kengeja, Pemba, na Darmanto, fundi wa pili wa injini, mtu wa Surabaya. Juma la pili likaokotwa chelezo cha mpira kimepigwa pwani, hakina mtu, ila ndani yake pakiti mbili za biskuti zimeliwa. Basi. Pakiti mbili za biskuti, na nyumba mbili duniani zikawa hazilali. Mmoja wa wale wawili alipanda chelezo. Nani? Na alishukia wapi?

"Sikiliza," Mize alimwambia Torgeir, akaifungua simu. Ilikuwa sauti ya wifi yake, Zuwena, iliyofika alfajiri. Torgeir hakuwa anajua Kiswahili zaidi ya neno haya na neno karibu, lakini alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha Mize akamfasiria.

Zuwena alikuwa amesema hivi: "Wifi, kadhi ameniita tena. Anasema miaka saba inatosha, anaweza kuivunja ndoa, niolewe nikitaka. Nimemwambia sitaki kuvunjiwa. Ndoa ya kuvunjwa ni ya mwanamke aliyetupwa, na Ussi hakunitupa. Akiwa hai nitamngoja, hata nikiota mvi. Akiwa amekufa nataka nikae eda yangu miezi minne na siku kumi, kama wenzangu waliofiwa. Moja katika mawili. Nimechoka kuwa katikati. Ukienda huko chini, wifi yangu, chochote utakachokiona nambie. Usinihurumie."

Torgeir alikoroga kahawa yake iliyokwisha poa. "Na wewe?" aliuliza. "Unataka nini wewe?"

"Nataka ukuta wa chumba cha kulia, mkabala na jiko lake, uwe mtupu," alisema Mize. "Niukute hauna mtu. Hapo Ussi atakuwa ndiye aliyekula zile biskuti."

Alisema kweli, na hakuona haya. Yeye ndiye aliyemtafutia Ussi kazi ile. Yeye ndiye aliyempigia simu akamwambia njoo, mdogo wangu, huku baridi ipo lakini kazi ni ya heshima, na mimi niko karibu. Miezi minne baadaye meli ikazama. Kwa miaka saba Mize alikuwa akimtamani ndugu yake kama mgonjwa anavyotamani maji, na kila mlango ulipogongwa Vardø, moyo wake ulitangulia kufungua.

"Haya," alisema Torgeir kwa Kiswahili chake. "Funga macho. Mara ya tano."

*

Walitoka siku ya nne, kabla ya adhuhuri, bahari imetulia na ina rangi ya bati. Mize alivaa vazi lake lenye nyaya za moto, Torgeir akamkagua viungo vyote kama anayemkagua mtoto anayekwenda shule, akamtelemsha kwa kamba.

Kuanzia mita arobaini hapakuwa na kitu cha kuona. Juu yake kijani kilikuwa cheusi, chini yake cheusi kilikuwa cheusi zaidi. Maji yalikuwa nyuzi mbili, na penye nafasi kati ya barakoa na kofia yalimkata kama wembe. Alifika kwenye sitaha kina cha mita sabini na moja. Meli ilikuwa imekaa sawa, imesimama, kama iliyoegeshwa.

"Niko mlangoni," alisema.

"Nakusikia," sauti ya Torgeir ilimjia sikioni. "Una dakika ishirini na mbili."

Aliingia. Mkono wa kushoto ukutani, wa kulia mbele, kamera imening'inia kifuani. Hatua saba zilikuwa mapigo saba ya miguu. Kushoto. Kizingiti. Na hapo, jamani, baada ya siku tatu za kitambaa machoni, akajigonga tena kwenye mlango wa jiko. Safari hii ulifunguka.

Hakuwa na haja ya kuingia jikoni. Picha haikuwa ya jikoni, kwa sababu jiko huwa la chuma kitupu, halina rangi. Aliingia hivyohivyo. Mikono yake ilitembea juu ya meza, juu ya mpini wa bomba, juu ya safu ya ndoano ambako sufuria bado zilitundikwa, na mwisho wa safu ikashika kitu bapa, cha mviringo, kizito, chenye mkono mfupi. Alikizungusha vidoleni. Kilikuwa chuma cha kukaangia chapati. Mama yao alikinunua mjini Mkoani, na Ussi alikibeba kwenye begi mpaka mwisho wa dunia, akatakiwa alipie uzito uwanja wa ndege, akabishana na watu wa watu mpaka wakamwachia.

Mize alikishika akakishika.

"Mize, umesimama," alisema Torgeir.

"Nimesimama."

"Una dakika kumi na moja."

Alikirudisha kwenye ndoano yake. Alitoka, akavuka njia, akaingia chumba cha kulia, akakipapasa mpaka ukuta wa nyuma. Ukuta ulikuwa laini chini ya glavu, haukumenyeka hata kidogo. Ukuta mzima, wenye afya, umeshika maneno yake miaka saba.

Juu ya bega lake la kushoto palikuwa na tochi ya dharura, na swichi yake ina kifuniko kidogo ili isibonyezwe kwa bahati mbaya. Mize alikifungua kifuniko. Alikuwa anajua anachokifanya, tusimsingizie. Tochi huwaka zenyewe, mambo hayo hutokea. Mwaka uliopita ilimtokea mpiga picha mmoja stadi na hakuna aliyemlaumu. Kubonyeza mara moja, nusu ya pumzi, na ukuta ungemwaga kila kitu kwenye maji, na Ussi angebaki juu ya chelezo chake siku zote, anatafuna biskuti, anaelekea pwani fulani ambayo watu wake hawana simu. Angekuwa hai mpaka Mize mwenyewe afe.

Kilichomzuia si wema. Aliogopa. Aliona kwamba kila atakapomwita Ussi moyoni, kuanzia siku hiyo, angejua amemnunua kwa bei gani, na Ussi huyo asingekuwa na ladha tena. Kisha kulikuwa na Zuwena, aliyesema usinihurumie. Mtu akikwambia hivyo anajua kwamba huruma imo mikononi mwako.

Alifunga kifuniko. Aliikandamiza kamera ukutani mpaka mpira ukanyonya, akahakikisha pembe zote nne kwa dole gumba, akabonya. Hakuona kitu. Alihisi mtetemo mdogo tu, kama simu inayoita ndani ya mto.

"Nimepata," alisema. "Nivute."

*

Kwenye mashua, ndani ya kibanda cha usukani, Torgeir alimfunika mablanketi mawili akampa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, ambayo alikuwa amejifunza kuipika kwa ajili yake. Mashine ilikuwa juu ya meza, inachambua. Ilianza na giza. Halafu kijivu. Halafu chumba kikajitokeza taratibu: meza zilizofungwa sakafuni, viti vimeanguka, kalenda. Friji kubwa la vinywaji limetoka mahali pake na kuangukia mlango. Maji yalikuwa yamefika kina cha vifundo vya miguu. Na katikati, penye nafasi kati ya meza mbili, alikuwapo mtu.

Alikuwa peke yake. Alikuwa ndani ya vazi la kujiokolea, lile la rangi ya machungwa lenye kofia, ambalo kila baharia hulivaa na mwembamba na mnene wote huwafanya sawasawa. Magoti yake yalikuwa chini, viganja chini, na paji la uso chini, ndani ya maji.

Torgeir alivua kofia yake. "Ameanguka?"

"Amesujudu," alisema Mize. "Anaswali. Mlango umezibwa, amejua hatoki. Anaswali."

Waislamu Aurvik walikuwa wawili, na ndio haohao wawili waliopotea.

Mashine ililia kidogo. Maandishi yalipita chini ya picha: uso wa mtu huyu haukupatikana, orodha ya mabaharia ipo, nijaze uso wa nani? Chini yake majina mawili, Darmanto na Ussi Vuai, kila moja na picha yake ndogo ya pasipoti. Mashine haikuwa na ubaya. Ilikuwa inauliza kama mhudumu anayeuliza chai au kahawa.

Kidole cha Mize kilikwenda juu ya Darmanto, kikakaa. Akibonyeza hapo, mashine ingenyanyua paji lile kidogo kutoka majini, ichore shavu la mtu wa Surabaya, na hakuna binadamu ambaye angeweza kubisha, kwa sababu ukuta ulikwisha sema na sasa ni bati. Mke wa Darmanto, ambaye kila mwaka humwandikia Mize barua fupi ya kumuuliza kama kuna habari, angeipata habari. Ingekuwa habari ya uongo, na angeililia kwa machozi ya kweli.

Aliondoa kidole. "Usijaze," aliiambia mashine. "Weka dira."

Mashine ilikuwa na kumbukumbu za usukani wa Aurvik, zilizookolewa zamani. Meli ilizama omo yake, yaani mbele yake, ikitazama magharibi. Mshale mwekundu ukatokea juu ya picha kuonyesha kaskazini. Mize aliutazama mshale. Akamtazama mtu. Akautazama mshale tena, akaweka kikombe chini.

"Kichwa chake kiko kaskazini," alisema.

"Basi haswali," alisema Torgeir. "Wewe huswali kuelekea kusini. Miaka kumi na miwili nakuona, unaelekea mlimani, mgongo baharini. Makka iko kusini ya hapa."

"Kusini ya hapa, ndiyo. Kwetu Pemba iko kaskazini."

Torgeir aliutazama mshale.

"Mtoto wa kwetu akianza kusimama anawekwa kuelekea kaskazini," alisema Mize. "Msikiti wa Kengeja unaelekea kaskazini. Maiti tunawalaza kuelekea kaskazini. Mtu wa Java huelekea magharibi, na huyu angeelekea magharibi angekuwa ametazama omo. Hapa kibla chenyewe ni kusini, na angekuwa na akili zake angegeuka upande ule mwingine. Lakini hakuwa na muda wa kufikiri. Alijua kaskazini ni wapi, dirisha la jiko lake lilitazama barafu kutwa. Akageuka huko kama anavyogeuka nyumbani."

"Baharia hafanyi kosa hilo, Mize."

"Siku niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki, niliswali palepale chumbani. Nilipotoa salamu ndipo nikaona mbele yangu kuna dirisha la bahari. Nilikuwa hapa mwaka wa nane." Alijifuta pua kwa blanketi. "Ni Ussi. Hakuna mwingine melini aliyeweza kukosea hivyo."

Mawimbi yaligonga ubavu wa mashua bila haraka. Torgeir alisema, kwa upole, na bila kumtazama, "Ukuta haukuonyesha uso. Ukiandika hivyo utakuwa hujasema uongo. Uso haukuonekana, basi. Mimi nitatia sahihi. Hakuna mtu hapa duniani atakayeuangalia mshale ule akaelewa."

Na kweli, ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Maneno mawili tu, uso haukuonekana, na yote mawili ya kweli. Kadhi angeyapokea. Ussi angebaki kwenye chelezo, nusu yake angalau. Mize alitaka, Mungu wake anajua jinsi alivyotaka. Aliitazama migongo ya vidole vilivyobonyea sakafuni ndani ya glavu nene, akajaribu kuona kama kuna kidole anachokijua. Hakukuwa nacho. Ndugu yake alikuwa hapo mbele yake baada ya miaka saba, na hakuwa na hata ukucha wa kumwonyesha.

"Wapo watakaoelewa," alisema mwisho. "Kadhi ni mtu wa Wambaa, Pemba hukohuko. Hata sitamfafanulia."

Akachukua simu.

*

Zuwena aliitika kabla simu haijalia mara ya pili.

"Wifi," alisema Mize.

"Naam, wifi. Umetoka majini?"

"Nimetoka."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza. Mimi nipo, siendi popote."

"Zuwena," alisema Mize. "Nimemwona."

Kule Pemba palikuwa na jogoo aliyekuwa akiwika mchana wote bila sababu. Aliwika mara mbili.

"Uso?"

"Uso sikuuona. Alikuwa kwenye sijda."

"Mlisema Waislamu walikuwa wawili."

"Walikuwa wawili. Huyu kichwa chake kilielekea kaskazini."

Zuwena hakuuliza maana yake. Mize alimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Alikuwa na khofu sana, masikini," alisema Zuwena. "Hata akasahau yuko wapi."

"Alikuwa ameshatulia, naona. Alikuwa amesujudu vizuri. Viwiko juu, kama alivyofundishwa."

"Na lini? Ukuta unasema lini?"

"Unasema mpaka dakika. Tarehe tatu mwezi wa pili, saa kumi na dakika tano alasiri."

"Ya mwaka ule?"

"Ya mwaka uleule. Siku ileile waliyozama."

Zuwena alihesabu miezi kwa sauti ya chini. "Basi eda yangu imekwisha," alisema.

"Vipi imekwisha?"

"Nilimuuliza kadhi. Alinambia kama hakuna uhakika atahukumu yeye kwamba amekufa, na eda ningeihesabu tangu siku ya hukumu. Lakini ikijulikana siku aliyokufa, eda inahesabiwa tangu siku hiyo. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, imeishia mwezi wa sita. Miaka saba nyuma. Hakuna ya kukaa, wifi. Niko huru, hata kesho naweza kuolewa." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Unajua nilikuwa nafanya nini miezi ile? Kila Alhamisi nilikuwa napaka hina, nasema pengine kesho ndio siku. Nafukiza nguo. Navaa dhahabu zangu, nakaa barazani. Eda ya mume wangu niliikaa nimejipamba, na watu wananipita njiani wanansifu."

Mize aliuweka mkono kwenye meza ya mashine. Hilo hakulifikiria. Katika hesabu zake zote, kule chini na hapa juu, alimhesabu Ussi, akajihesabu mwenyewe, akamhesabu hata mke wa Darmanto. Hakufikiri kwamba tarehe yenyewe ndiyo ingekuwa kisu.

"Ningeweza kusema sijui," alisema. "Nilikuwa nayo hapa mdomoni. Uso haukuonekana. Kadhi angehukumu mwenyewe, nawe ungeipata eda yako. Sijapeleka maandishi bado, Zuwena. Ukitaka..."

"Usithubutu," alisema Zuwena. "Nilikwambia unambie, umenambia. Asingekuwa Ussi huyo ninayemlilia, angekuwa mtu wa kubuni." Alivuta pumzi. "Ila sasa nifanyeje? Mwanamke akifiwa watu humjia, humkalia, humpikia, humwambia pole. Mimi tangu aondoke hakuna aliyeniambia pole. Wangenambiaje, hawakujua kama nimefiwa. Na leo nikiwaambia amekufa, watanambia alhamdulillahi umejua, sasa tafuta mume."

"Watu watasema watakalo."

"Sema wewe, basi. Awepo mmoja aliyesema."

Mize alisimama. Blanketi moja lilimwanguka, hakuliokota. Torgeir, ambaye hakuwa anaelewa neno, alitoka nje taratibu akaufunga mlango nyuma yake.

"Pole, wifi yangu," alisema Mize. "Pole kwa kufiwa na mumeo."

"Nishapoa," alisema Zuwena, kama watu wanavyojibu, kisha kilio kikamtoka, kikubwa, cha miaka, na nyuma yake Mize alisikia milango ikifunguka na majirani wakiuliza kuna nini, Zuwena kuna nini. Alilia mpaka sauti ikakauka. Simu haikukatwa. Mwishowe akarudi kwenye simu, akikwamakwama.

"Na wewe pole, wifi," alisema. "Umefiwa na ndugu yako."

Mize alifungua kinywa amjibu kama watu wanavyojibu. Alijaribu mara moja, akajaribu tena. Neno lilikataa kutoka. Alisimama pale katikati ya bahari, simu sikioni, na Zuwena akamngoja.